Siku Tatu za Mama Yake

Katika karakana ya kushona niliyofanya kazi Louisville, simu zetu zote zilikaa ndani ya kopo la biskuti mpaka saa sita mchana. Hiyo ilikuwa sheria ya mwenye karakana, Mrusi mwembamba aliyeweza kukuomba chumvi kwa sauti ya kukufukuza kazi. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutumbukiza simu yake kila asubuhi, kisha akalipitisha kopo kwa kila mmoja wetu. Aliwahi kuharibu gauni la bibi harusi kwa kujibu simu huku ameshika mkasi, na tangu siku hiyo akaapa. Tulinung'unika wiki ya kwanza, halafu tukazoea. Nalitaja kopo mapema kwa sababu kama simu yake ingekuwa mfukoni asubuhi ile, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Tulikuwa watano. Karakana ilikuwa South End, ubavuni mwa duka la nyama ya halali, nami nilikuwa mkata vitambaa. Mama mmoja wa Kikongo, aliyefika kama mkimbizi kutoka milima ya Kivu ya Kusini, alikuwa mpiga pasi na mkaguzi wa mwisho. Akisema gauni halitoki, halitoki, na hata mwenye karakana hakubishana naye. Wasichana wawili wa Kirundi walishona shanga. Kazi yetu kubwa ilikuwa nguo za wasichana wanaocheza kwa kuteleza kwenye barafu, nguo fupi za kumetameta zinazobana mwili. Mimi mtoto wa Tanga nilizikata miezi sita bila kumwambia mama yangu ni za nini. Magauni ya harusi yalikuja baadaye, nikapumua.

Mume wa mwenye karakana alikuwa mchezaji wa kulipwa wa hoki ya barafu. Mkanada, mrefu kama mlango, pua imevunjika mara mbili, na meno matatu ya mbele ya bandia ambayo aliyatoa mdomoni ili kuwachekesha wale wasichana wa Kirundi. Alichezea timu ya Columbus, na nyumba yao ilikuwa huko, saa tatu na nusu kwa gari. Basi mwenye karakana alilala kwenye chumba kidogo cha juu kuanzia Jumatatu, na Alhamisi jioni akaendesha kwenda kwa mume. Watu walimuuliza kwa nini asifungue kazi hukohuko Columbus. Alijibu kwamba pango la Louisville ni nafuu na mafundi wake wako hapa. Mimi naamini kulikuwa na jibu jingine. Kule Columbus alikuwa mke wa mchezaji, yule Mrusi anayejifurahisha na cherehani. Kwetu alikuwa bosi, na tulimwogopa vizuri tu.

Tulimpenda pia, na hilo nalisema bila kuona haya. Ilikuwa kazi pekee Marekani niliyowahi kuona watu wanavua viatu mlangoni. Kwao ni hivyo, kwetu ni hivyo, na wateja Wamarekani walibaki wamesimama kizingitini hawajui miguu waipeleke wapi. Alikunywa chai kwa jamu ya cheri, mimi nikamzoesha iliki. Kiswahili alichokiokota kwetu kilikuwa maneno manne: pole, bado, haraka, na dada. Dada ndiye mimi. Na kila Alhamisi, kabla ya kuondoka, alitukalisha wote chini, hata aliyekuwa katikati ya mshono, tukae kimya nusu dakika. Kwao mtu hatoki safari bila kukaa kwanza. Mama wa Kikongo alikuwa anaitumia nusu dakika hiyo kusali, na akizidisha Mrusi alimngoja mpaka aseme amina.

Halafu kulikuwa na mama yake. Saa sita kopo likifunguliwa, kabla hata hajanawa mikono kula, alimpigia mama yake, huko kwao ambako ilikuwa tayari saa mbili usiku. Mama aliishi peke yake kwenye mji ulio mbali na Moscow, mwendo wa saa nyingi kwa treni, na ndiye aliyemfundisha kushona kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Bosi wetu alimuonyesha kila gauni kwenye simu, akiligeuza mbele na nyuma. Mama anavaa miwani, anasogeza uso mpaka tunaona pua tupu, anasema kitu kifupi kwa Kirusi, na bosi anachukua kifumulio, anafumua. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Mimi aliniita yule wa kilemba, na akiniona alinipungia mkono. Walikuwa hawajaonana miaka minne. Tangu vita vianze, ndege za moja kwa moja zilikoma, ikawa mtu azunguke Istanbul, na kila mwaka bosi alisema atakwenda msimu wa hoki ukiisha, au maagizo ya harusi yakiisha. Nilimuelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka saba sijamuona mama yangu, kwa sababu hizohizo za uongo.

Majira ya baridi yale timu ya Columbus ikambadilisha mumewe na mchezaji wa Buffalo. Nilipoambiwa niliuliza, "Yaani mtu anaamka asubuhi anaambiwa si wetu tena?" Bosi akasema ndivyo, alipigiwa simu akiwa anaosha gari, na kesho yake alikuwa Buffalo na begi moja. Nyumba ya Columbus ikabaki na vitu, funguo kwa jirani. Kutoka Louisville mpaka Buffalo ni saa nane au tisa za barabara. Alianza kukonda, na sauti yake ya kuamrisha ikapungua, jambo ambalo halikutufurahisha hata kidogo.

Simu ya mezani ya karakana ililia Jumatano, saa tatu asubuhi. Bosi alikuwa chumba cha nyuma anampima mteja. Niliinua mimi. Alikuwa mumewe, na kwanza sikuitambua sauti. Alisema mama mkwe wake amefariki alfajiri ile, moyo. Jirani ndiye aliyemkuta. Shangazi wa mkewe alikuwa amempigia mkewe mara nne bila kupata jibu, akamwandikia yeye, kisha akapanda treni kwenda huko kwenye msiba. Mimi niliangalia kopo la biskuti juu ya rafu.

"Siwezi kumwambia kwa simu," alisema. "Nina mechi saa moja jioni, hawataniruhusu kuondoka, na hata nikiondoka sijui nitafika lini. Mwambie wewe. Umkumbatie. Wewe ni kama dada yake. Safari tutaipanga, tuna muda."

Nilimjibu kwamba asiwe na wasiwasi, mambo haya mimi nayajua.

Na ni kweli nilidhani nayajua. Miaka mitatu nyuma kaka yangu alinipigia kutoka Tanga na swali lake la kwanza lilikuwa, "Upo na nani hapo?" Kila mtu wetu aliye ughaibuni analijua swali hilo na kinacholifuata. Nikamwambia nipo peke yangu. Akasema baba anaumwa kidogo, tumwombee. Baada ya saa moja wanawake wanne wa Kitanzania wakagonga mlango wangu, mmoja ameshika sufuria ya uji, wakanikalisha kitini, wakanishika mikono na mabega, ndipo mkubwa wao akasema. Baba alikuwa ameshazikwa. Kwetu Waislamu maziko hayangoji mtu. Amekufa alfajiri, alasiri yuko kaburini, na aliye ng'ambo ya bahari anabaki na dua yake. Nililia nikiwa nimeshikwa kila upande. Sikuwahi kuwalaumu wale wanawake kwa ile saa moja. Niliwashukuru, na bado nawashukuru.

Nilimvuta mama wa Kikongo kwenye ubao wa pasi, nikamnong'oneza. Alifumba macho, akatikisa kichwa, kisha akasema, "Usimuambie hapa. Huyu iko peke yake, hana ndugu hata moya. Donc, umupeleke kwa bwana yake. Akisikia, aanguke mu mikono ya mutu wake."

Niliona ni sawa kabisa. Hakuna hata kitu kimoja ndani yangu kilichokataa. Tulikwenda chumba cha nyuma, tukangoja mteja aondoke, nikamwambia bosi kwamba mumewe amepiga, shangazi anatafuta, mama anaumwa, mume anataka wawe pamoja wapange safari. Gari lake nitaliendesha mimi.

Alilikimbilia kopo. Simu nne za shangazi zilikuwepo pale. Akampigia, hapatikani, yuko kwenye treni. Akampigia mama yake, simu inaita, inaita, mpaka inakatika. Akampigia mumewe, ameshazima simu, kama kawaida yake siku ya mechi. "Hospitali wanawanyang'anya wagonjwa simu," alisema, si kwangu wala kwa mwingine. Alivaa koti juu ya aproni ya kazi yenye pini kifuani. Mlangoni akageuka, akatukalisha. Tulikaa wote watano kimya, sisi wengine tukijua na yeye peke yake hajui, na safari hii mama wa Kikongo alisali muda mrefu sana. Bosi alimngoja. Mimi nilitazama soksi zangu.

Barabara ya Buffalo hupitia Columbus, na njiani kwenda huko alizungumza mfululizo. Alinieleza mama yake alivyoshona sare za wauguzi wa mji mzima, alivyomkataza kuolewa na mwanamichezo kwa sababu wanamichezo huisha wakiwa vijana na mke hubaki na mzee wa miaka thelathini na tano, na alivyobadilika siku Mkanada alipomtumia picha akiwa hana meno. Kila baada ya muda alishika simu akamrekodia mama yake ujumbe wa sauti. Sijui Kirusi. Lakini mtu akizungumza na mama yake mgonjwa huhitaji kujua lugha: sauti inakuwa ya mtoto, inabembeleza, inakaripia kidogo, inaahidi. Baada ya kila ujumbe alinionyesha simu. "Tazama, alama mbili. Zimefika. Simu inawaka, ila hajazifungua tu."

Nikasema, "Atazifungua."

Naapa nilisema hivyo.

Columbus tulifika karibu saa nane mchana. Alitaka kupita nyumbani achukue pasipoti yake ya Kirusi. Nyumba ilikuwa ya baridi, hewa imelala, vikombe viwili bado viko kwenye sinki. Alikuta pasipoti kwenye droo ya vijiko, akasimama na koti lake katikati ya jiko, akifungua mambo kwenye simu. Kisha akasema kuna ndege ya saa kumi hapohapo Columbus, inakwenda New York, na usiku kuna ya Istanbul. Akiwahi, Ijumaa asubuhi yuko kwao. Uwanja wa ndege ulikuwa dakika ishirini tu.

Alinitazama usoni. Ana macho ya kijivu, hayapepesi.

"Dada, ni vibaya kiasi gani? Niambie. Nikienda sasa namuwahi?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote nililoulizwa maishani. Nilisimama kwenye zulia lake, mikono imejaa funguo za gari. Nilifikiri: hakuna wa kumuwahi, maskini, ameshazikwa kitambo. Nilifikiri akiingia kwenye ndege peke yake, atasikia peke yake, Istanbul, katikati ya watu wasiomjua, atadondoka nani amwokote. Niliona uso wa baba yangu. Nikasema, kwa sauti tulivu ambayo naichukia mpaka leo, "Anaumwa. Twende kwanza kwa mumeo. Kesho utaondoka vizuri."

Aliniamini. Akaiweka pasipoti kwenye mfuko wa aproni, akafunga mlango, akanishika kiwiko tukielekea kwenye gari kwa sababu ngazi zilikuwa na barafu.

Kutoka hapo mpaka Buffalo alituma ujumbe mwingine kumi na moja. Sikuwa na haja ya kuhesabu lakini nilihesabu. Theluji ilianza tulipoliacha jiji la Cleveland nyuma, na mara moja alimwimbia mama yake wimbo mfupi, akacheka katikati, akasahau maneno. Niliendesha macho mbele. Shingo iliniuma hadi sikuweza kugeuza kichwa, na bado nilijiambia nafanya wema.

Tulifika uwanjani mechi imeshaanza. Mlinzi alimjua, akatupitisha kwenye korido ndefu ya chini ambako wake wa wachezaji husubiri, na tukasimama hapo, yeye na aproni yake, mimi na kilemba changu, tukisikia watu maelfu wakipiga kelele juu ya vichwa vyetu. Mapumziko yalipofika wachezaji walianza kupita kwa kishindo, viatu vya vyuma vikigonga sakafu ya mpira. Mumewe alimuona kutoka mbali. Akawasukuma wenzake, akamfikia, mkubwa mno na mavazi yale yote, analowa jasho, akamkumbatia mpaka miguu yake ikaacha sakafu.

"Nilimpenda," alisema. "Pole sana, mpenzi. Nilimpenda mama yako."

Alikuwa anadhani mkewe anajua. Kwa nini asidhani? Alikuwa amemwachia kazi mtu aliyesema mambo haya anayajua.

Bosi alijitoa mikononi mwake taratibu. Akauliza, "Lini?"

Mume akasema asubuhi, alimpigia dada asubuhi, saa tatu. Na wote wawili wakageuka wakanitazama. Ningependa kuandika kwamba alinipiga kofi. Hakunigusa. Aliweka mkono kwenye mfuko wa aproni, akaitoa pasipoti, akaitazama, akairudisha. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole kwa Kirusi, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, na alipofika cha tatu akakaa chini sakafuni.

Hapo ndipo nilipojifunza nilichopaswa kuuliza saa tatu asubuhi. Warusi wa dini yake humzika maiti siku ya tatu. Humngoja. Siku mbili marehemu analala nyumbani au kanisani, watu wake wanafika, wanamuaga kwa kumbusu kipaji cha uso, na siku ya tatu wanamzika. Mama yake alikuwa hajazikwa. Alikuwa anamngoja. Mkanada alisema "tuna muda" kwa sababu kwao bibi yake aliwekwa wiki mbili mpaka wajukuu wamalize mitihani. Mimi nilisema "kesho" kwa sababu kwetu baba hakuwekwa hata nusu siku. Kati ya ujinga wake na wangu kulikuwa na siku tatu, na ya kwanza nilikuwa nimeimaliza barabarani.

Tulijaribu, usiseme hatukujaribu. Ndege za usiku ule kutoka Buffalo zilifutwa kwa theluji, na ya Alhamisi mchana ingemfikisha kwao Jumamosi. Shangazi alipatikana alipotoka kwenye treni. Bosi alimwomba wangoje siku moja. Shangazi alilia, akasema padri ameshapangwa, kaburi limeanza kuchimbwa kwenye udongo ulioganda, na marehemu mwenyewe alikuwa amesisitiza siku zote: siku ya tatu, msinichezee. Mumewe alinieleza hayo jikoni, kwenye nyumba aliyopanga Buffalo, kwa upole, kama vile mimi ndiye mfiwa. Upole wake uliniumiza kuliko kofi.

Ijumaa niliamka kwa swala ya alfajiri kwenye sebule ya nyumba yao ya kupanga, na kupitia mlango nikamuona bosi amekaa mezani, simu ya video mbele yake. Huko kwao ilikuwa saa nane mchana. Shangazi alikuwa ameshika simu, na simu ilitetemeka kwa baridi ya mkono, kwa hiyo jeneza lilitetemeka pia. Nilimtambua mama kwa mbali. Hakuwa na miwani. Watu walipita mmoja mmoja wakainama kumbusu. Walipokwisha, shangazi alileta simu karibu kabisa na uso wa marehemu, akaishikilia hapo, na bosi wangu akainama akabusu kioo cha simu. Mimi nilirudi kwenye mkeka wangu. Sikujua niombe nini.

Nilirudi Louisville kwa basi. Binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye ukimwongelesha Kiswahili hukujibu Kiingereza, alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Kwa nini hukumwambia tu?" Nilikasirika, nikamwambia hajui mila. Akasema, "Lakini mama, alikuuliza." Nikamtuma akaoshe vyombo.

Bosi alikwenda kwao baadaye, akawahi siku ya arobaini, akarudi mwezi wa tatu. Aliingia karakana, akavua viatu, akalichukua kopo la biskuti, akampa kila mtu simu yake mkononi. Kopo akaliweka nje kwenye taka. Tulifanya kazi. Alizungumza nami habari za vitambaa na vipimo, kwa heshima, kama mtu azungumzavyo na fundi wa kukodi. Hakuniita dada tena. Alhamisi aliondoka bila kutukalisha. Mama wa Kikongo alilia kwenye ubao wa pasi akaniambia, "Bon, tulikosa. Lakini hatukukosa juu ya kumuchukia." Nikamwambia aende akamwambie mwenyewe. Alikwenda. Bosi alimsikiliza, akamshika bega, na akaenda zake kuendelea na kazi. Kwangu hakuja.

Ilipita karibu mwaka. Siku moja saa sita, wakati ule aliokuwa akimpigia mama yake, alinikuta nazungumza na mama yangu kwenye simu. Mama alikuwa ameanza kuishiwa pumzi akitembea kutoka jikoni mpaka barazani, na mimi nilikuwa namwambia nitakuja, mama, mambo yakitulia. Nilipokata simu nikashika mkasi, bosi alikuwa amesimama na futi ya kupimia shingoni.

"Yeye akifa," aliuliza, "watamngoja nani?"

Hana maneno ya kuzunguka, kamwe hakuwa nayo. Nikasema hawatangoja.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Baba yangu sikumzika. Nilipoambiwa alikuwa ameshafukiwa."

Alikaa juu ya sanduku la vitambaa. Niliona anapiga hesabu, kama siku ile ya korido. Kisha akasema, "Kwa hiyo pale Columbus ulidhani hakuna wa kumuwahi."

Nikasema ndiyo. Nikaanza kulia, machozi mabaya ya kelele, wasichana wa Kirundi wakaacha shanga. Hakunikumbatia. Alichukua mkasi mkononi mwangu, akauweka mezani, akavuta gauni nililokuwa nalikata akaliweka upande wake.

"Sijakusamehe," alisema. "Nataka ujue hivyo. Sasa nenda kwenu. Nenda wiki hii, akiwa anaongea. Magauni nitakata mimi."

Nikasema nitafikiria. Akagonga meza.

"Haraka!" alisema, kwa Kiswahili.

Siku ya safari mlango ulifunguka akaingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi, akavua viatu, akamkalisha binti yangu, akanikalisha mimi juu ya begi langu, akakaa yeye. Nusu dakika. Kisha akanipeleka uwanja wa ndege.

Sikuwa nimewaambia nyumbani. Nilitaka iwe furaha, niingie tu na begi, mama apige vigelegele. Nilimkuta barazani na ungo wa mchele mapajani, mdogo kuliko kwenye simu. Aliinua kichwa akaniona mlangoni. Hakupiga vigelegele. Ungo ulimporomoka, mchele wote ukamwagika miguuni.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Nimekuja kukuona."

"Usinizungushe. Umepanda ndege kutoka Marekani bila kusema. Nani kafa? Nitajie jina."

"Wallahi hakuna, mama."

"Baba yako mlinizungusha hivihivi. Walinitoa hospitali mapema, wakasema nikapumzike nyumbani, yeye kalala. Nikaja kupika uji wake. Nimepika uji wa maiti, mwanangu. Nitajie jina sasa hivi."

Sikuwahi kuambiwa habari ya uji huo. Nilipiga magoti kwenye mchele nikamshika miguu, nikaapa tena, hakunisikia. Alitoa simu kwenye mkunjo wa kanga, akampigia kaka yangu. Akasikia sauti yake. Akampigia dada yangu, akamsikia. Mdogo wetu alichelewa kupokea, na mama alishikilia simu sikioni huku macho yake yako kwangu, simu inaita, inaita, mimi nimekaa pale sina cha kumwambia ambacho angekiamini.

Alipokea mara ya pili. Ndipo mama akaweka simu chini, akanivuta kichwa mapajani, akauliza kama nimekula.